Kiko Kisicho na Shingo

Jumatatu, 9 Septemba

Hali ya hewa: ukungu asubuhi, jua mchana.

Naanza na hali ya hewa kwa sababu Mwalimu Aigner, mwalimu wetu mpya kutoka Vienna, ametuagiza tuandike shajara muhula huu. Amesema anayejua kuangalia mawingu atajua pia kuangalia watu. Hatazisoma. Anataka tu kuona kurasa zinajaa, na sentensi ziwe kamili.

Naandikia karakanani kwa babu, kwa hiyo ukurasa huu una vumbi la pembe. Baba na mama wanafanya kazi kiwandani Linz na huja mwisho wa mwezi; mimi naishi hapa kwa babu na bibi tangu nikiwa wa kubebwa. Babu yangu, Korbinian, hutengeneza viko vya pembe za ayala, yule paa mkubwa mwenye pembe za matawi, kama baba yake alivyofanya. Keekee ya kutobolea ikizama kwenye pembe hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na harufu hiyo haitoki kwenye nguo. Leo Traudl, ninayekaa naye dawati moja, ameniuliza: "Burgi, wewe ulipita kwa kinyozi, au kinyozi ndiye aliyekupitia?" Nimecheka pamoja na wengine.

Mimi naruhusiwa kushika msasa na nta tu. Keekee ndefu haruhusiwi mtu. Tobo likipinda, pembe nzima ni ya kutupa, na babu anasema mkono unaotoboa lazima kwanza ujifunze kungoja. Nangoja.

Juu ya rafu kuna kiko kisicho na shingo, yaani ule mrija wa kuvutia moshi. Kichwa chake cha mzizi wa mcheri kimekwisha kung'arishwa, na kimekaa pale kama mdomo uliosahau kufungwa. Ni zawadi ya wawindaji kwa Mzee Quirin, bwana nyama wetu, atakayestaafu siku ya Mtakatifu Hubertus, msimamizi wa wawindaji, mwezi wa kumi na moja. Shingo haijapatikana kwa sababu lazima itoke kwenye pembe ya Shemasi, na Shemasi bado anaitembeza kichwani.

Jumanne, 10 Septemba

Hali ya hewa: jua.

Nimesoma nilichoandika jana na nimeona sikumweleza Shemasi. Ni ayala dume, mkubwa kuliko wote upande huu wa mlima. Jina hilo alipewa kwa sababu kengele ya jioni ikilia kanisani, hutoka msituni na kusimama ukingoni mwa malisho yetu, kichwa juu, kana kwamba anahesabu waumini. Nimekuwa nikimtazama kutoka dirisha la jikoni tangu enzi za kupanda kigoda.

Madume kama yeye huuzwa kwa wageni wenye viwanda, wanaokuja kupiga na kuondoka na pembe. Lakini mwaka huu chama cha wawindaji kimemtoa Shemasi kwa Mzee Quirin, ampige yeye mwenyewe kabla ya kustaafu. Watu wanasema hakuna bwana nyama aliyewahi kupewa heshima kubwa hivyo.

Nimemuuliza babu kama hawawezi kumpa saa ya ukutani.

"Saa anayo," amesema babu.

Alhamisi, 12 Septemba

Hali ya hewa: mawingu mepesi. Leo nimefanya kosa kubwa.

Jana Mwalimu Aigner alitufundisha adabu za kuagana. Alisema kijijini tunaagana kwa kunguruma kama mafahali, na akatupa zoezi: njiani kuja shule, kila mmoja awatakie watu bahati njema, kwa sauti safi na uso wa furaha. Nilimtakia mama posta. Nilimtakia mwenye jibini. Nikafika langoni kwetu tena maana nilikuwa nimesahau kalamu, na hapo akatokea Mzee Quirin na bunduki begani, anapanda mlimani. Nikasimama wima, nikasema kwa sauti safi na uso wa furaha: "Shikamoo Mzee Quirin! Nakutakia bahati njema!"

Neno lilipotoka tu nikatamani kulirudisha mdomoni. Hapa kwetu hata mtoto anayetambaa anajua kwamba mwindaji hatakiwi bahati. Unamwambia "Heri ya mawindo," naye anajibu "Shukrani ya mawindo," basi. Ukimtakia bahati unaifukuza. Inambidi ateme mate mara tatu na kurudi nyumbani, maana siku hiyo hata mnyama akimlalia miguuni atamkosa.

Mzee Quirin alisimama kama mtu aliyepigwa kofi na mti.

"Umesema nini, binti?"

"Nimekosea, mzee. Ni zoezi la shule."

"Zoezi!" Akatema mara tatu, akageuka, akashuka kijijini. Kutoka karakanani nilisikia tupa ya babu ikianguka, kisha babu akicheka mpaka akakohoa.

Jioni kengele ililia. Shemasi akatoka, akasimama, akahesabu waumini.

Niliganda dirishani na sahani mkononi. Neno moja tu, tena la adabu, lilikuwa limempa siku nzima.

Ijumaa, 13 Septemba

Hali ya hewa: kama jana. Nimemwambia Mzee Quirin tena. Safari hii halikuwa kosa. Amerudi.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimesema. Amerudi.

Jumatano, 18 Septemba

Hali ya hewa: mvua ya manyunyu.

Leo Mzee Quirin amepita na kofia imevutwa mpaka masikioni, huku akiimba kwa nguvu wimbo wa kanisani ili asinisikie. Nilingoja avute pumzi kati ya beti mbili.

"BAHATI NJEMA, MZEE QUIRIN!"

"Mtoto huyu!" alimpigia babu kelele. "Korbinian! Mfunge mjukuu wako mdomo!"

"Nimfungeje?" babu akajibu dirishani. "Anakutakia mema!"

"Nitampeleka kwa padri!"

"Padri atamsifu!"

Wanaume wa kiwanda cha mbao walikuwa wamesimamisha msumeno wasikilize. Bibi, ambaye hana la kuongeza mpaka awe na la kuongeza, alitoka na ndoo ya maziwa akakata barabara polepole mbele ya Mzee Quirin. Mwanamke mzee akikatiza njia ya mwindaji ni nuksi nyingine kamili.

"Hata wewe, Kreszenz?"

"Mimi napeleka maziwa."

"Ndoo ni tupu!"

"Nayafuata, basi."

Usiku wakati wa kula bibi alisema jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Alisema njia ya kupanda mlimani kupitia nyuma ya kiwanda cha mbao ni fupi kuliko hii yetu, tena haina matope. Nimesema Mzee Quirin ni mbishi tu, hataki kuonekana amemkimbia msichana wa shule. Bibi akasema, "Labda," akampa babu tonge la pili la mkate uliochemshwa.

Jumapili, 22 Septemba

Baba na mama wamekuja mapema. Keki ya boga.

Jumatano, 25 Septemba

Hali ya hewa: baridi, anga safi.

Madume wameanza kunguruma. Sauti ya Shemasi inatoka kwenye miti kama mtu anayeburuta kabati juu ya sakafu ya mbao. Bibi anasema ni babu kabisa akiwa na mafua.

Mwalimu Aigner ametupa insha: "Je, uwindaji ni haki?" Yeye mwenyewe anaona si haki, na nadhani mimi pia. Nimeandika kuhusu lugha ya wawindaji wetu. Damu ya mnyama wanaiita jasho. Macho yake wanayaita taa. Anayetamka jina la kawaida mbele yao huinamishwa na kupigwa mara tatu makalioni kwa ubapa wa kisu cha kuwindia. Mwaka juzi hata padri alipigwa kwa kusema "damu" katika mahubiri ya Hubertus. Mzee Quirin ndiye huwa anashika kisu. Nimemaliza hivi: watu wanaobadilisha majina ya vitu wanaviogopa vitu vyenyewe.

Jumatatu, 30 Septemba

Hali ya hewa: mvua.

Mwalimu Aigner ameandika "Vizuri sana" chini ya insha yangu. Nilimsomea babu wakati anakata pembe aliyoibana kwenye jiliwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Imeandikwa vizuri. Na mwalimu wako, ule mchuzi anaokula hotelini kila Alhamisi, anauitaje?"

"Mchuzi wa ayala."

"Ehee. Anaukomba mpaka sahani inakuwa kioo. Mwambie nimemsalimu."

Nikamuuliza yeye yuko upande gani. Aliwasha kiko chake kwanza. Akasema kwenye meza yake zinakuja pembe za waliopigwa, na pembe zilizodondoka zenyewe, maana ayala huangusha pembe kila mwisho wa baridi na kuotesha nyingine. "Kwenye keekee," akasema, "zinanuka sawasawa."

"Kwa nini basi kiko cha Mzee Quirin kisitengenezwe na pembe iliyodondoka?"

"Kwa sababu wenzake watacheka. Kiko cha pembe ya kuokota wanakiita kiko cha mwokota uyoga. Mwindaji havuti kiko cha mwokota uyoga."

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimesema. Ametema mate kwa hasira, lakini alikuwa amesimama langoni muda kabla sijatoka, akifunga kamba za kiatu. Nadhani alikuwa anasikiliza kama nimekwisha kwenda shule.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kijiji kimegawanyika. Mwenye jibini yuko upande wangu na amenipa kipande bure. Mama posta yuko upande wa Mzee Quirin, anasema ni dhambi kumnyima mzee heshima yake ya mwisho. Traudl amenishauri nimtakie bahati njema mwalimu wa hesabu kabla ya mtihani, tuone.

Ijumaa, 11 Oktoba

Hali ya hewa: mvua kubwa tangu alfajiri. Leo nitaandika yote.

Asubuhi Mzee Quirin hakupita. Nilikwenda shule nikiwa na wasiwasi, na darasani sikusikia kitu. Mchana, nilipokuwa narudi na mwavuli, nilisikia bunduki. Mlio mmoja, karibu, kwenye kona ya barabara iliyo chini ya malisho yetu.

Nilitupa mwavuli nikakimbia. Nilikuwa tayari najua nitakachoona, na nilikuwa nimekwisha kumchukia Mzee Quirin kwa maisha yangu yote yaliyobaki.

Hakuwa Shemasi. Lori la magogo lilikuwa limesimama kando ya barabara, taa zake zinawaka mchana, na dereva ameketi kwenye ngazi ya lori ameshika kichwa. Ayala jike alikuwa amelala kwenye mtaro. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imekaa vibaya, namna ambayo miguu haikai. Alikuwa ameshakufa; risasi ile moja ilikuwa ya kumpumzisha. Mzee Quirin alikuwa amepiga magoti majini kando yake, bunduki ameiegemeza kwenye nguzo.

Aliniona. Nilidhani atanifukuza.

"Nishikie kofia," akasema.

Nikashika kofia yake. Mvua ilikuwa ikimchapa kwenye upara. Alivunja kijitawi cha msonobari, akamfungua yule jike mdomo taratibu, kama mama anayemlisha mtoto aliyelala, akamwekea. Hilo ndilo tonge la mwisho, ambalo wawindaji wetu humpa mnyama aliyekufa. Nilikuwa nimelisikia maishani mwangu mwote na kulicheka kidogo moyoni. Sikucheka.

Kisha akampangusa matope shingoni.

"Alikuwa na mtoto," akasema. "Ndama wa mwaka huu. Nitamtafuta. Akilishwa majira haya ya baridi anaweza kupona." Kisha akaangalia viganja vyake, akasema taratibu, "Damu nyingi, Burgi. Damu nyingi kweli."

Alisema damu. Yeye, mwenye kisu, aliyempiga padri. Sidhani kama alijisikia. Dereva wa lori hakuwa mwindaji, na mimi sikusema kitu. Nilimsugulia mikono kwa majani na maji ya mtaro.

Tulipofika langoni kwetu nilimrudishia kofia. Akaniuliza kwa nini sina mwavuli. Nikasema nimeutupa. Akasema mtoto anayetupa mwavuli mvua ikinyesha ana haraka sana ya kumchukia mtu. Sijui alijuaje.

Nimeisoma tena insha yangu. Sentensi ya mwisho bado ni nzuri, lakini nadhani si kweli. Labda mtu huita damu jasho kwa sababu akiiita damu kila siku hataweza kurudi msituni, na akiacha kurudi msituni hakuna atakayemtafuta ndama.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hali ya hewa: mvua imeacha.

Nimemwambia babu kwamba nimeamua kuacha. Shemasi ni wa Mzee Quirin kuliko alivyo wangu. Kila majira ya baridi amempelekea nyasi kwa mgongo wake. Kama kijiji kinampa heshima, mimi ni nani wa kuisimamisha langoni?

Babu alisema, "Sawa." Kisha akasugua kile kichwa cha kiko kwa kitambaa, ingawa kilikuwa kimeshang'aa vya kutosha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Amepita. Nimesema, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba," akasimama. Nikanyamaza. Akaniuliza habari za shule. Nikasema nzuri. Akapanda mlimani polepole sana.

Jioni Shemasi ametoka. Niliita jina lake kwa furaha mpaka bibi akaungua kidole.

Alhamisi, 17 Oktoba

Amepita. Shikamoo. Marahaba. Kamba za viatu. Kengele, Shemasi.

Jumanne, 22 Oktoba

Hali ya hewa: theluji juu kileleni, hapa bado.

Bibi: "Huyu mzee siku hizi kamba za viatu vyake zina ugonjwa gani? Kila siku zinafunguka hapa kwetu tu."

Babu: "Kanunua mbaya."

Bibi: "Korbinian, wewe unajua kutoboa pembe. Mengine huyaoni."

Nimeuliza bibi ana maana gani. Ameniambia nimenye viazi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Ndama amepatikana. Yuko zizini kwa Mzee Quirin, anakunywa maziwa kwenye chupa ya bia. Nimeenda kumwona baada ya shule. Mzee Quirin haongei na ndama kwa lugha ya wawindaji. Anamwita "mjinga wangu mdogo" na "bibiye."

Jumatano, 30 Oktoba

Hali ya hewa: mawingu mazito.

Kesho ndiyo siku ya mwisho. Keshokutwa ni Watakatifu Wote, kisha Siku ya Marehemu, na siku hizo mbili hakuna bunduki inayotoka. Jumapili ni Hubertus na yeye anastaafu. Mwenyekiti wa wawindaji alikuja karakanani akatazama kile kiko rafuni.

"Shingo je?"

"Bado inatembea," akasema babu.

"Kesho, basi. Quirin kamwona mara kadhaa wiki hii kwa karibu kabisa. Ajabu yake, kila mara eti upepo umegeuka."

"Upepo wa huku ni mkorofi," akasema babu, akainamia tupa yake.

Nimejizoeza mbele ya kioo. Kesho nitamwambia yale maneno sahihi, ya heshima, kama wawindaji wanavyoambiana. Nitasema bila kulia. Anastahili kuagwa vizuri.

Alhamisi, 31 Oktoba

Hali ya hewa: anga kijivu, kimya, harufu ya theluji.

Alikuwepo langoni kabla sijamaliza uji. Hakuwa anafunga kamba. Alikuwa amevaa koti lake la sikukuu, bunduki begani, amesimama tu. Watu wa kiwanda cha mbao walikuwa wametoka nje wote, na mama posta alikuwa amesimama na baiskeli, maana kila mtu alijua ni leo.

Nilitoka. Nikasimama wima.

"Shikamoo, Mzee Quirin. Heri ya mawindo."

Alitakiwa kujibu, "Shukrani ya mawindo." Hakujibu. Uso wake ulishuka, kama mtoto aliyefungua zawadi akakuta soksi.

"Ndiyo hivyo tu?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mzee. Nimesema vibaya?"

"Umesema sawasawa." Akatazama mlima. Akatazama wale wa kiwanda cha mbao. Akakuna shingo. "Na lile neno lako jingine?"

"Lipi?"

"Lile la mwalimu wako. La Vienna."

Sikuelewa. Naandika kwa aibu kwamba hata hapo sikuelewa. Nikasema, "Lakini mzee, lile ni baya. Litakurudisha nyumbani."

"Wewe msomi wewe," akanong'ona, "hebu fikiri basi! Mtu aliyezeekea msituni hawezi kurudi nyumbani hivi hivi mbele ya watu. Anahitaji sababu."

Ndipo nikaona yote kwa mara moja: njia ndefu yenye matope, wimbo wa kanisani wenye mapumziko marefu kati ya beti, kamba za viatu, upepo mkorofi. Nikaona pia kwamba siku zile nilizonyamaza kwa ajili yake nilikuwa nimemwacha peke yake na bunduki yake, kila asubuhi.

Nikavuta pumzi mpaka vidoleni.

"BAHATI NJEMA, MZEE QUIRIN! BAHATI NJEMA SANA! BAHATI YA DUNIA NZIMA!"

"Mnamsikia?" akawageukia wale wa kiwanda, mikono juu. "Mnamsikia? Siku ya mwisho! Siku ya mwisho kabisa, na mtoto huyu ananiharibia!" Akatema mara tatu, kila mate na ngurumo yake. "Basi. Imekwisha. Niende nikafanye nini tena huko juu?"

Bibi akatoka na ndoo, akakata barabara kwenda, akageuka, akakata barabara kurudi.

"Kreszenz, inatosha!"

"Nahakikisha."

Akashuka kijijini huku akilalamika kwa kila aliyekutana naye. Lakini alipopita karibu nami aliniminya bega kwa mkono wake mkubwa, na alipofika kwenye daraja, akidhani hakuna anayemsikia, alikuwa anapiga mluzi.

Jumapili, 3 Novemba

Hali ya hewa: theluji. Imeanza wakati wa misa na haijaacha.

Pembe za shaba zilipigwa kanisani mpaka madirisha yakatetemeka. Baada ya misa wawindaji walifanya mahakama yao ya mzaha hotelini, kama kila mwaka, na mshtakiwa nilikuwa mimi. Mwenyekiti alivaa joho la padri bila ruhusa ya padri, akaniita kwa jina langu lote la ubatizo.

"Notburga, mjukuu wa Korbinian, unashtakiwa kwa uchawi wa adabu. Unakiri?"

"Nakiri, mheshimiwa. Ulikuwa zoezi la shule."

Kila mtu akamgeukia Mwalimu Aigner, aliyekuwa ameinamia sahani yake ya mchuzi. Akawa mwekundu kama tufaha, kisha akacheka kuliko wote.

"Mlalamikaji anadai adhabu gani?"

Mzee Quirin alisimama, uso mkali. "Huyu kaniachia mnyama mkubwa, na mnyama mkubwa anakula. Nadai anisaidie kubeba nyasi mpaka kwenye hori la mlimani majira yote ya baridi. Mimi ni mstaafu. Mgongo wangu pia."

"Imepitishwa!"

Pale kwenye hori hakuna anayempiga mnyama, hata mwendawazimu. Hiyo ni sheria ya chuma. Na theluji ikishafunga mlima, Shemasi hatakuwa na kwingine pa kula. Kwa hiyo mwaka huu yu salama. Mwaka ujao ni wa mwaka ujao, lakini mimi natumaini, na mahakama haijakataza.

Kisha wakampa Mzee Quirin kiko chake. Yaani kichwa. Kilikuwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha kijani.

"Na shingo?" akauliza.

"Kaulize msituni!" wakapiga kelele. "Au kivute kwa pua!"

Jumatano, 20 Novemba

Nyasi. Mabega yanauma. Shemasi hakutokea mpaka tulipoondoka, ila tuliona nyayo.

Jumamosi, 14 Desemba

Ametokea. Yuko mkubwa kuliko dirisha la jikoni linavyoonyesha. Anapumua moshi kama babu.

Jumatatu, 13 Januari

Hali ya hewa: baridi inayouma meno. Wino umeganda. Mwalimu Aigner alisema muhula ukiisha tunaweza kuacha shajara. Siachi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo Mzee Quirin amekuja mbio. Sijawahi kumwona akikimbia. Aliingia karakanani na theluji yote ya viatu vyake, bibi akafungua mdomo kumkaripia, akaufunga.

Chini ya koti alikuwa na pembe ya Shemasi. Ilikuwa imedondoka kando ya hori, upande wa kushoto, safi, yenye rangi ya kahawa na ncha nyeupe. Mwenyekiti alikuwa ameshamruhusu aichukue.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Alikuwa anakula. Kakaa kichwa upande kama mzee aliyevaa kofia vibaya. Nyingine itaanguka kesho."

Babu aliigeuza geuza pembe kwenye mwanga. "Quirin, wajua hiki kitaitwaje. Kiko cha mwokota uyoga."

"Najua."

"Watakucheka mpaka Pasaka."

"Mwaka jana niliokota uyoga mwingi tu," akasema Mzee Quirin. "Na ulikuwa mtamu."

Babu alichagua tawi, akalikata kwa msumeno, akaliloweka, akalifunga kwenye jiliwa. Akaichukua ile keekee ndefu kutoka ukutani. Akaitazama, akanitazama mimi, akaigeuza mpini ukawa upande wangu.

"Umengoja vya kutosha," akasema.

Niliushika kwa mikono miwili. Nikaweka ncha pale alipotia alama. Mzee Quirin, kwa furaha iliyomzidi, akavua kofia, akasafisha koo, akafungua mdomo: "Baha..."

"Usithubutu!" tukasema kwa pamoja, babu na mimi, na bibi kutoka jikoni.

Akaurudisha mdomo wake mahali pake. Nikazungusha. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda, vumbi likaniingia puani, nikazungusha, nikazungusha, mpaka ncha ya keekee ikachungulia upande wa pili, katikati kabisa, imenyooka.

Hali ya hewa: leo sikuangalia.